Malsun Aagiza Mwenyewe

Kiti kilivutwa nyuma kabla Malsun hajakifikia, naye akakidaka kwa mikono miwili akidhani kuna mtu anayetaka kukichukua. Mhudumu aliyekivuta, binti mrefu aliyevaa glavu nyeupe, alibaki ameshikilia upande wake. Kwa muda wakawa wanavutana, mmoja kwa adabu, mwingine kwa wasiwasi.

"Mwachie, Mama Hyeonok," mumewe alimnong'oneza. "Anakukalisha tu."

"Nimekaa mwenyewe tangu nizaliwe," Malsun alijibu, lakini aliachia. Kiti kikaja taratibu nyuma ya magoti yake, akakaa, akajikuta ameelekezewa meza yenye uma nyingi kuliko walaji. Upande wa pili mumewe, Gwangsik, alijishusha kwa hatua, mkono mmoja mezani na mwingine kwenye paja, kama wanavyokaa mafundi vigae wote ambao magoti yao yamebaki kwenye mabafu ya watu wengine. Koti lake lilikuwa lile lile alilomwozeshea binti yao.

Asubuhi ya siku hiyo Malsun alikuwa amevaa joho jeusi na kofia bapa pamoja na akina mama wenzake wa darasa la watu wazima, akapokea cheti cha kumaliza elimu ya msingi akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Hyeonok, binti yao, ambaye kazi ya uuguzi huko Incheon haikumpa ruhusa ya kuja Daegu, alikuwa ametuma tiketi ya chakula cha jioni kwa watu wawili, iliyokwisha kulipiwa, katika mgahawa wa ghorofa ya juu ambao wazazi wake walikuwa wameufahamu kwa taa zake tu, wakiwa barabarani.

Malsun alikuwa ameikubali zawadi hiyo kwa sharti moja. Alilisema nyumbani wakati akifunga vifungo vya koti la mumewe, akalirudia ndani ya basi katikati ya kusoma vibao vya madukani kwa sauti, mpaka abiria mmoja akamwomba apumzike kidogo.

"Leo usiniagizie," alisema. "Ufanye jambo lolote, ila usiniagizie. Nitasoma mwenyewe, nitachagua mwenyewe."

"Nimesikia."

"Hata nikichelewa."

"Chelewa mpaka wafunge," Gwangsik alisema. "Mimi nitakusubiri."

Tangu waoane, yeye ndiye aliyekuwa akisoma orodha ya vyakula ukutani na kusema, "Mbili za tambi za baridi." Malsun hakuwahi kupenda tambi za baridi.

*

Menyu ilikuja ndani ya jalada la ngozi, moja kwa kila mtu. Malsun alifuta miwani yake kwa kitambaa cha mezani, akaivaa, akanyoosha mgongo, akafungua.

Herufi hazikuwa zake.

Alisubiri kidogo, kama anayesubiri macho yazoee giza. Aliona viduara hapa na pale, akafurahi, maana hata herufi za kwao zina viduara. Lakini viduara hivi vilisimama vyenyewe mstarini, havikubeba kijiti ubavuni wala juu ya kichwa. Aligeuza ukurasa. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Joto lilimpanda shingoni, lile joto la zamani alilodhani amelizika.

"Baba Hyeonok," alisema polepole. "Wewe unaona nini?"

Gwangsik alikuwa ameishika menyu mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, gazeti analisoma bila kusita, na mikataba ya ujenzi aliisoma mpaka herufi zile ndogo za chini. Herufi hizi za Kizungu zilikuwa jambo jingine.

"Taa hapa ni hafifu mno," alisema.

Binti wa glavu alirudi. "Tiketi yenu inawapa hadi sahani nne kila mmoja. Mngependa kuanza na nini?"

"Samahani, binti, miwani nimeisahau nyumbani," Gwangsik alisema, na miwani ikiwa mfukoni mwa koti, mkono wake mmoja umekaa juu yake. Alitazama meza ya jirani. "Wale wamekula nini? Si mtuletee hicho hicho?"

"Wale wameagiza vyakula tofauti tofauti, Baba."

"Basi..." Alishusha kidole juu ya karatasi kwa uhakika wa mtu anayeonyesha kigae kilichopasuka. "Hiki. Hiki hapa chini, kilichoandikwa vizuri. Tuletee viwili."

Binti aliinama kutazama. Akauma mdomo. "Samahani sana, Baba. Hilo ni jina la mpishi wetu."

Katika meza ya jirani, mwanamume mwenye tai ya hariri, aliyekuwa amemleta mkewe pamoja na mama mkwe wake, alicheka kabla ya kuuziba mdomo.

"Mwacheni apike kwanza," alisema, si kwa sauti ya chini vya kutosha, "ndipo aliwe."

Gwangsik naye alicheka. Alicheka kwa muda mrefu kupita kichekesho chenyewe, huku masikio yamemwiva, kisha akaifunga menyu na kuikunjia mikono juu yake.

Malsun alikuwa akimtazama. Kila neno alilolisema mumewe alilijua, maana lilikuwa lake. Miwani iliyosahauliwa ilikuwa yake. Aliitumia posta na hospitalini. Taa hafifu ilikuwa yake. Niletee wanachokula wale, hiyo ilikuwa yake tangu usichana, na kwa ajili hiyo alikwisha kula vitu vingi asivyovitaka. Alimwona mwanamume huyu, ambaye hakuwahi kumdanganya hata kwa bei ya samaki, akidanganya kwa uwongo wa mkewe, tena akidanganya vibaya kwa kukosa mazoezi. Joto likamtoka shingoni. Lililoingia mahali pake halikuwa aibu.

"Binti," alisema. "Sisi hatujui kusoma herufi hizi. Tuleteeni menyu ya Kikorea."

"Mama Hyeonok!"

"Hatujui," Malsun alirudia, na sauti yake ilifika mezani kwa mwenye tai. "Yeye hajui, mimi sijui. Miwani yake iko mfukoni, upande wa kushoto."

*

Binti alipokwenda kumwita meneja, Gwangsik aliinama juu ya meza mpaka tai yake ikagusa uma.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimekuvua uwongo. Nguo unazo."

"Twende zetu. Pale chini, nyuma ya kituo, kuna supu ya ng'ombe na wali. Tutakula tushibe, tutalala."

"Nenda. Mimi nimeletwa hapa na mwanangu."

"Hyeonok hakukuleta uje kugombana!"

"Na mimi sikugombana na mtu. Nimesema sijui. Kwani ni tusi?" Malsun alivua miwani, akaishika. "Baba Hyeonok, nikuulize. Zamani nilipokuwa nikienda benki, si nilikuwa nafunga bandeji mkono wa kulia, ili karani anionee huruma anijazie fomu?"

Gwangsik alitazama pembeni. "Mambo hayo ya nini leo?"

"Nani alikuwa akinifunga?"

Gwangsik alipanga upya uma zilizokuwa mbele yake.

"Nauliza, nani alikuwa akinifunga?"

"Mimi," Gwangsik alisema.

"Ulikuwa ukinifunga vizuri, hata karani mmoja aliniuliza nimelazwa hospitali gani. Ulifanya kwa kunipenda, najua. Lakini nilikuwa nikirudi nyumbani mkono unauma kweli." Alivaa tena miwani. "Leo mimi sikufungi wewe."

Meneja alikuja akiwa ameunganisha viganja kifuani. Alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, kalamu ya fedha mfukoni, na alikuwa na namna ya kuinama ambayo ilimfanya mtu ajihisi amemwaga kitu.

"Mama, Baba, poleni kwa usumbufu. Nyinyi ni wageni wa tiketi, sivyo?"

"Sisi ni wageni," Malsun alisema. "Tiketi ni karatasi."

"Bila shaka, Mama. Kwa bahati mbaya menyu yetu ni hii moja tu. Wageni wetu wa kila siku hawajawahi kulalamika. Mkipenda, ghorofa ya pili tuna ukumbi ambako vyakula vimepangwa wazi, mtu anajipakulia anachokiona. Wazee wengi hupapenda. Hakuna haja ya kusoma."

"Miaka minne nimesoma," Malsun alisema, "nawe unanipeleka mahali ambapo hakuna haja ya kusoma."

"Sikukusudia hivyo, Mama."

"Wanaokula hapa ni watu wa wapi? Wa ng'ambo?"

"Wengi wao ni wa hapa hapa mjini."

"Wanaopika?"

"Wa hapa hapa."

"Basi mnamwandikia nani?"

Meneja alitabasamu. Lilikuwa swali ambalo alikuwa na jibu lake tayari. "Ni suala la hadhi ya chakula, Mama. Majina haya ni ya Kifaransa. Ukiyaweka katika herufi zetu yanapoteza ladha."

"Ladha iko kwenye sufuria, mwanangu." Malsun alifungua mkoba wake, akatoa noti ya won elfu kumi, akailaza juu ya menyu ya ngozi, uso wa mfalme juu. "Huyu unamfahamu?"

"Mama, huduma hapa haina bakshishi..."

"Si yako, nitairudisha mkobani. Nauliza kama unamfahamu."

"Kila mtu anamfahamu."

"Ndiye aliyetutungia herufi, kwa sababu watu wa aina yangu walikuwa hawawezi kuzisoma zile za wakubwa. Kila siku mnampokea kwa mikono miwili pale mlangoni, mnamhesabu, mnamfungia kabatini. Kazi yake peke yake ndiyo hamuitaki mezani?"

Mwenye tai ya hariri alisafisha koo. "Mama, kwa heshima yako, wengine tumekuja kula kwa amani. Kama chakula hukijui, uliza kwa upole uelezwe. Sote hapa tunajua tunachokula."

Hapo ndipo mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa amekaa kimya muda wote, mabega yake madogo yamefunikwa mtandio wa zambarau, alipoweka uma chini.

"Mkwe wangu," alisema. "Mimi nimekula nini?"

"Sasa hivi, Mama?"

"Kile cha kijani. Nimekimaliza. Kilikuwa nini?"

Mwanamume alitazama sahani tupu. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa akiitazama glasi yake ya maji kana kwamba kuna kitu kinaogelea humo.

"Ni... kitu cha Kifaransa, Mama."

"Nasikia. Kitu gani?"

"Cha... majani majani."

"Hata ng'ombe anajua hivyo," kikongwe alisema, akaugeuza mwili wake wote kuelekea meza ya Malsun, kama mtu anayesogelea moto.

*

Meneja alikuwa mwerevu. Aliona kwamba ukumbi umetulia na macho yote yamegeuka. Alipunguza sauti.

"Basi tufanye hivi. Mimi mwenyewe nitasimama hapa niwasomee, neno kwa neno."

Gwangsik alishusha pumzi. "Ndiyo hiyo. Tunashukuru sana, Meneja. Haya, Mama Hyeonok, umesikia, atatusomea."

Malsun aliitazama ile kalamu ya fedha. Maisha yake yote yalikuwa ya kusomewa. Alisomewa barua za dada zake, akasomewa mkataba wa kibanda chake cha sokoni, akasomewa ripoti za shule za mwanawe na mwanawe mwenyewe, ambaye sehemu za lawama aliziruka. Waliomsomea walikuwa wema karibu wote. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka kusomewa.

"Hapana," alisema. "Wewe utasema, mimi nitaandika. Nikimaliza nitasoma. Niazime hiyo kalamu."

"Mama, kuna vyakula vingi..."

"Mume wangu amesema nichelewe mpaka mfunge." Aligeukia upande wa pili wa meza. "Hukusema?"

Wote walimtazama Gwangsik: meneja, binti wa glavu, mwenye tai, kikongwe. Gwangsik alitia mkono ndani ya koti, upande wa kushoto, akatoa miwani yake, akaivaa mbele yao wote bila haraka.

"Nilisema," alijibu. "Mpe kalamu."

Malsun aliigeuza karatasi iliyotandikwa chini ya sahani yake, upande usio na nakshi. Meneja aliinama, mkono mgongoni.

"*Velouté de*..."

"Hicho ni nini?"

"Ni supu laini ya maboga, Mama."

"Basi sema supu laini ya maboga."

Aliandika. Aliandika kama walivyofundishwa, kila silabi ndani ya kisanduku chake kisichoonekana, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Kalamu ilikwaruza. Uma na visu kwenye meza nyingine vilikuwa vimelegea mikononi mwa watu.

"Endelea."

"Kinachofuata ni viazi vilivyo..."

"Viazi?" Gwangsik aliruka. "Viazi hivi hivi?"

"Viazi, Baba, vilivyopondwa na siagi."

"Nimepanda juu hadi masikio yakaziba, nimekuja kula viazi!"

"Nyamaza, unanipotezea mstari," Malsun alisema, lakini mdomo wake ulicheza.

Ikaja mchicha uliosagwa, na kikongwe wa mtandio wa zambarau akapiga meza kwa kiganja, "Mchicha! Nilikuwa nimekula mchicha!" Wakaja samaki jodari wa kuchomwa, uyoga wa mlimani, kifua cha bata, matunda ya pea yaliyochemshwa kwa mvinyo. Meneja alikuwa ameanza kutokwa jasho juu ya mdomo. Alipofika kwenye bata alisimama, akaichungulia karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu aje sura yake ikapata nafuu.

"Mama, samahani. Hapo kwenye bata umeacha herufi. Chini ya silabi, mwishoni."

Mwenye tai aliinua macho. Mkono wa Gwangsik ulinyooka upesi juu ya meza, kama wa mtu anayetaka kulifunika jambo.

"Wapi?" Malsun aliuliza.

"Hapa."

"Nionyeshe vizuri, weka kidole."

Meneja aliweka kidole. Malsun aliisogeza miwani, akatazama, akakubali kwa kichwa. Alikata lile neno kwa mstari mmoja, akaliandika upya pembeni, herufi iliyokosekana akaipitishia wino mara mbili.

"Sasa?"

"Sasa ni sahihi."

"Asante. Mwalimu wetu pia huniambia hivyo hivyo, naziharakisha za chini. Endelea."

Meneja alibaki na kidole chake hewani. Alikuwa amelitupa jiwe lake la pekee, nalo limepokelewa, likashukuriwa, likawekwa kando. Aliyataja yaliyobaki kwa sauti ya mwanafunzi.

Karatasi ilipojaa, Malsun hakuitoa kwa mtu. Aliiinua juu kidogo, karibu na mshumaa, akamsomea mumewe. Alianza juu kabisa, polepole, akikwama kwenye jodari, akirudi nyuma, akilimaliza neno kabla ya kulishika jingine. Gwangsik alisikiliza, mikono magotini. Hakumsaidia hata pale alipoona neno linalokuja ni gumu.

"Kile cha tano," alisema alipomaliza. "Nisomee tena cha tano."

"U-yoga wa mlimani, na yai."

"Hicho nitakula. Na samaki. Na hivyo viazi, nivione hao wamevifanya nini."

"Mimi," Malsun alisema, akamgeukia meneja, "naanza na supu ya maboga. Kisha uyoga, kama wa mume wangu. Kisha bata. Mwishoni pea. Tambi za baridi sitaki."

"Tambi hatuna, Mama."

"Najua. Nimesoma."

Katika meza ya jirani kikongwe alikuwa amekwisha kuigeuza karatasi yake upande usio na nakshi na kumnyooshea mkwewe kalamu aliyoipata kwa binti wa glavu. "Andika," alikuwa akimwambia. "Herufi kubwa kubwa, macho yangu si ya ujana."

Meneja alirudisha kalamu ya fedha mfukoni. Alitoa pumzi, akaupata tena ule uso wake wa mlangoni, na kwa vidole viwili akaanza kuivuta karatasi ya Malsun.

"Naomba hii niipeleke jikoni, Mama, wasije wakakosea."

Malsun aliweka kiganja chake juu yake, mkono wa kulia, umenyooka wote.

"Hii inabaki mezani," alisema. "Wewe kariri. Mimi nilikariri kila kitu miaka sitini."

Meneja aliinama. Alivuka ukumbi kuelekea jikoni akiwa wima, mikono mgongoni, na kila aliyekuwa ameketi upande ule aliiona midomo yake ikicheza njia nzima: maboga, uyoga, bata, pea, uyoga, samaki, viazi, maboga, uyoga, bata.